Mbwa wa kukimbia naye, mbwa wa kuishi naye: kuchagua mbegu ukiwa Tanga

Mzunguko mmoja wa ajiliti, mchezo wa mbwa kupita vikwazo kwa kasi, huchukua chini ya dakika moja. Mbwa anaruka viunzi, anapita handakini, anapanda ubao na kushuka, anapenya katikati ya vijiti 12, amemaliza. Saa 23 na ushei zinazobaki katika siku yake yuko uani kwako, ukuta kwa ukuta na majirani, kwenye joto la Tanga. Mbegu ichaguliwe kwa ajili ya saa hizo, mchezo ufuate. Wengi hufanya kinyume: mtu ameona video ya mbwa aina ya Malinois akiparamia ukuta, kesho yake ametuma pesa na mbwa amepakiwa kwenye basi. Na mbwa si mgeni wa "waja leo waondoka leo". Akitunzwa vizuri utakuwa naye miaka 12, pengine 15.

Joto kwanza

Mbwa hatoi jasho kama sisi. Ana tezi chache tu kwenye nyayo, na kazi kubwa ya kujipoza anaifanya kwa kuhema, ulimi nje, mate yakigeuka mvuke. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, hewa ya Tanga imejaa unyevu na mate hayo hayakauki upesi. Ndiyo maana nyuzi 30 za hapa humchosha mbwa kuliko nyuzi 30 za Dodoma, ambako hewa ni kavu. Mbwa wa pua fupi, kama Bulldog na Pug, hawezi kuhema vya kutosha. Huyo usimfikirie kwa mchezo wowote wa mbio hapa pwani, hata awe mchangamfu kiasi gani.

Mazoezi ni baada ya alfajiri hadi saa mbili asubuhi, au kuanzia saa kumi na moja jioni hadi magharibi inapokaribia. Kabla ya kuanza, weka mgongo wa kiganja chako ardhini kwa sekunde 7. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zake pia zitaungua. Wapenda ufukwe wa Raskazone wajue jambo moja: siku za bamvua maji hutoka kabisa mnamo saa nne, jua limeshapanda, kwa hiyo ule mchanga mgumu mzuri wa kukimbilia hupatikana saa mbaya. Mzuie asinywe maji ya bahari, yatamtapisha na kumharisha. Na ukiona bunju ametupwa pwani, mfunge kamba mara moja. Sumu ya bunju haipungui kwa samaki kukauka, na mbwa hufa kwa kumtafuna.

Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39.2. Likipita 41 ni hatari ya kifo. Dalili ni ulimi uliopanuka mwishoni kama upawa, ufizi mwekundu sana, mate mazito, kisha kuyumba. Hapo usikimbilie gari. Mwagie maji ya bomba mwili mzima, hasa tumboni na mapajani, mpepee, endelea kumwaga, ndipo umpeleke kwa daktari wa mifugo. Kumfunika kwa taulo lenye maji ni kosa linalofanywa na watu wenye nia njema: taulo hufungia joto ndani.

Majirani

Tanga ina Waislamu wengi wanaofuata madhehebu ya Shafii, na kwao mate ya mbwa ni najisi. Chombo alichoramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa wa ulinzi, wa kuwinda na wa mifugo ameruhusiwa, kwa hiyo jirani hakuchukii kwa kufuga. Anachochukia ni kuguswa. Labrador anayemrukia kila apitaye kwa furaha hana ubaya wowote, lakini mzee aliyevaa kanzu yake safi akielekea msikitini amelazimika kurudi nyumbani. Hilo ni kosa la mwenye mbwa. Kamba iwe ya mita moja na nusu, si zaidi, na mbwa afundishwe kuketi kila mtu anapopita. Uanze wewe kusema: "Shikamoo mzee, nimemshika, pita tu." Salamu hiyo inanunua amani ya mtaa kuliko ukuta mrefu.

Mbwa wengine huitikia adhana kwa kubweka au kuomboleza. Usimpigie kelele, kwake utakuwa umejiunga naye. Mpe mfupa mbichi au kamba ya katani iliyopigwa mafundo dakika tano kabla, ndani ya banda, na aupate wakati huo tu.

Mbegu gani?

Ushauri wangu wa kwanza ni mbwa wa kienyeji, na nausema kwa dhati. Manyoya mafupi, mwili mwepesi, miguu mirefu, amevumilia joto hili vizazi na vizazi. Ajiliti ya FCI, lile shirikisho la kimataifa la mbwa, huruhusu mbwa asiye na cheti cha ukoo katika mashindano ya kawaida; Mashindano ya Dunia ndiyo yanayodai cheti. Udhaifu wake ni kwamba hapendi kurudiarudia. Mwambie aruke kiunzi kilekile mara sita na ya saba atakwenda kulala kivulini. Basi mfundishe kwa vipindi vya dakika tatu, mara tatu kwa siku, na kila mara umwache akiwa bado anataka. La pili ni woga. Asipozoeshwa watu, bodaboda na kelele za soko kati ya wiki ya 3 na ya 14, atabaki kuwa mbwa wa kukwepa wageni, na uwanja wa mashindano umejaa wageni.

Border Collie ndiye anayetamba kwenye ajiliti duniani, na hakuna ubishi. Lakini alizalishwa kukusanya kondoo, na asipokuwa na kondoo atakusanya watoto, baiskeli na mbuzi wa mtaani wanaozurura Ngamiani. Ukiwa na shamba upande wa Pongwe au Muheza, sawa. Ukiwa na chumba na uwa wa kushirikiana, hapana. Tena Collie na jamaa zake huweza kubeba kasoro ya jeni iitwayo MDR1, inayofanya dawa ya ivermectin ipenye hadi kwenye ubongo. Ile sindano ya ng'ombe yenye dawa hiyo, inayouzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo, ambayo watu huwachoma mbwa kwa ajili ya kupe na upele, inaweza kumuua.

Malinois, asili yake Ubelgiji, ni mbwa wa kazi hasa. Bila shughuli ya saa mbili kila siku, ya mwili na ya akili, atakula mlango. German Shepherd anatulia zaidi nyumbani, ila nyonga zake ziangaliwe, na manyoya yake ya tabaka mbili yachanwe mara mbili kwa wiki wala yasinyolewe, kwani tabaka la juu humkinga ngozi na jua. Jack Russell anafaa nyumba ndogo na huruka vizuri ajabu. Kuku wa jirani ndio watakaolipa gharama. Boerboel na Rottweiler ni wazito mno kwa viunzi katika joto hili, waache walinde.

Wanaovutiwa na IGP, mchezo ulioitwa Schutzhund na baadaye IPO hadi 2019, wajue una sehemu tatu za alama 100 kila moja: kufuata nyayo, utii na ulinzi. Mbili za kwanza unaweza kujifunza mwenyewe. Ya tatu, ya kung'ata mkono wenye kinga, usiiguse bila mkufunzi aliyeifanya. Mbwa aliyefundishwa nusu kung'ata ni hatari kuliko asiyefundishwa.

Ukienda kutazama watoto

Nenda nyumbani kwa mfugaji, umwone mama. Muuzaji anayetaka mkutane stendi ana anachoficha. Mtazame mama akitembea mwendo wa mchakamchaka huku umesimama nyuma yake: akirusha miguu ya nyuma yote miwili pamoja kama sungura, nyonga zina walakini. Mtoto awe na wiki 8. Wa wiki 5 hajafundishwa na ndugu zake kupima nguvu za meno. Tumbo lililovimba kama mtungi na mbavu zinazoonekana ni minyoo.

Kisha angusha mfuniko wa sufuria, hatua tatu kutoka walipo. Wote watashtuka, hilo ni sawa. Unayemtaka ni yule anayerudi kuunusa mfuniko ndani ya sekunde chache. Anayejificha asitoke si wa mashindano. Asiyeshtuka kabisa, mpigie makofi akiwa amekupa mgongo, huenda hasikii.

Vifaa vya uani

Ajiliti ilianza 1978 kwenye maonyesho ya Crufts jijini London, kwa kuiga mashindano ya farasi ya kuruka viunzi, na viunzi vyake hadi leo ni vitu ambavyo seremala wa mtaani anaviweza. Mbwa hupimwa urefu begani. Chini ya sentimita 35 huruka 25 hadi 30; kuanzia 35 hadi chini ya 43 huruka 35 hadi 40; kuanzia 43 hadi chini ya 48 huruka 45 hadi 50; 48 na kuendelea huruka 55 hadi 60. Kiunzi ni nguzo mbili za mbao ya mbili kwa mbili, kila moja na kitako cha mbao ya mbili kwa nne chenye sentimita 60. Upande wa ndani wa nguzo pigilia vibao vidogo vilivyotokeza sentimita 3, kimoja kwa kila kimo, ulaze juu yake bomba la plastiki la sentimita 120. Lilazwe tu, lisifungwe. Bomba lisiloanguka huvunja mguu. Na mbwa asiruke kimo chake kamili kabla ya kutimiza miezi 15, mkubwa 18, kwa kuwa ncha za mifupa bado hazijafunga.

Vijiti vya kupenya ndivyo vinavyowashinda wengi, na si kwa ubovu wa mbwa. Nunua mabomba mawili ya inchi moja, ya mita 6 kila moja; ukikata mita moja moja unapata vijiti 12. Nondo moja ya milimita 12, yenye mita 12, inatoa vipande 24 vya nusu mita, kwa hiyo nusu yake inatosha. Gonga kila kipande hadi nusu kizame ardhini, kisha vika bomba juu. Nafasi ni sentimita 60 kutoka kijiti hadi kijiti. Ukimaliza mazoezi ng'oa nondo zote, usiache hata moja imesimama.

Anza kwa kuvipanga katika mistari miwili, sita huku na sita kule, ukiacha njia ya sentimita 60 katikati. Mbwa anapita moja kwa moja. Kijiti cha kwanza kiwe daima kwenye bega lake la kushoto, hiyo ndiyo sheria ya kuingia na asijue nyingine. Akipita bila kuchomoka mara 8 kati ya 10, siku inayofuata banisha njia kwa sentimita 5. Haraka ndiyo inayoharibu: ukibana sentimita 20 kwa mkupuo, ataruka nje, na tabia hiyo hataisahau. Zawadi, kipande cha ini lililochemshwa chenye ukubwa wa punje ya mahindi, irushwe mbele ya kijiti cha mwisho. Ukimpa mkononi atajifunza kukutazama wewe badala ya njia. Badilisha na upande unaokimbilia, kushoto leo, kulia kesho, la sivyo siku ya mashindano atakwama ukiwa upande asiouzoea.

Wakati wa masika, uwanja ukiwa tope, hamia kwenye kunusa. Kwa mbwa wa uwa mdogo huu ni mchezo bora kuliko yote: dakika kumi za kutafuta harufu humchosha kuliko nusu saa ya mbio. Mojawapo ya harufu zinazotumika katika mchezo huu Marekani ni karafuu. Tia matone mawili ya mafuta ya karafuu kwenye chupa yenye vijiti vya pamba, funga usiku kucha, kisha ficha kijiti kimoja ndani ya kopo lililotobolewa matundu, kati ya makopo matano. Mwanzoni weka nyama pamoja na kijiti, baada ya wiki ondoa nyama, na umlipe pua inapogusa kopo lenyewe. Asirambe mafuta, yanachoma. Siku jirani anapika pilau, ahirisha.

Kupe, mbung'o na kadi ya chanjo

Kila baada ya zoezi kagua masikioni, katikati ya vidole na chini ya mkia. Homa ya kupe mara nyingi huanza kwa mbwa kukosa hamu ya kuruka. Ufizi ukipauka au pua ikitoka damu, umechelewa. Kidonge cha kutafuna chenye fluralaner hukinga kupe wiki 12. Mapori ya Pangani kuelekea Saadani yana mbung'o, na mbegu za kigeni hufa upesi kwa ndorobo, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, kuliko wa kienyeji. Jicho likiingia ukungu wa bluu pamoja na homa, mwombe daktari apime damu siku hiyohiyo.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni wiki ya 12, kisha kila mwaka. Anayetaka kwenda kushindana Kenya kupitia Horohoro atahitaji pia cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo wa serikali na kibali cha kumwingiza mnyama, na vyote vishughulikiwe wiki kadhaa kabla ya safari. Hakikisha kadi ina tarehe, muhuri na kibandiko kilichobanduliwa kwenye chupa ya chanjo. Kadi iliyojazwa kwa kalamu tu huleta maswali mpakani, na mbwa atayasubiri majibu ndani ya gari, juani.