Maswali na majibu: Na wewe mzazi, hali yako?

Karibu kila barua niliyoipokea safari hii inaanza na mtoto mwenye ulemavu: dawa zake, viungo vyake, shule iliyomkataa. Mwandishi mwenyewe hujitokeza mwishoni kabisa, kwa mstari mmoja tu: na mimi nimechoka. Leo najibu mstari huo. Mmeambiwa mara nyingi mtunze afya zenu ili muweze kuwatunza watoto. Ni kweli, ila kwangu haitoshi. Unastahili kulala na kuishi bila maumivu kwa sababu wewe pia ni mtu, hata kama pasingekuwa na mtoto wa kumbeba.

Mwanangu ana usonji (hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na tabia), na siku hizi analia kwa saa nyingi. Usiku mmoja niliwaza kwamba ingekuwa afadhali sote wawili tusiamke. Sijamwambia mtu. Je, mimi ni mama mbaya?

Barua yako nimeitanguliza kwa sababu haiwezi kungoja. Hapana, mama, wewe si mama mbaya. Umebeba peke yako, kwa muda mrefu, mzigo unaohitaji watu kadhaa. Wazo hilo ni dalili kama homa ilivyo dalili, na linatibika. Ila usilale nalo peke yako leo. Mtafute mtu mzima mmoja unayemwamini, umwambie kwa maneno hayohayo uliyoniandikia, bila kuyapunguza makali. Mwombe alale nanyi. Dawa na vitu vya hatari avihifadhi yeye. Kisha nenda kituo cha afya ukaseme waziwazi. Kama wazo limeshakuwa mpango, au unahofia kumdhuru mtoto au kujidhuru, nenda sasa hivi au piga namba ya dharura. Usisubiri kukuche.

Kilio kikikupandisha hasira, muweke mtoto mahali salama, toka nje ya chumba dakika chache, pumua, halafu urudi. Kulia peke yake kwa muda mfupi hakumdhuru. Kumtikisa kwa nguvu kunaweza kumuumiza ubongo, hasa akiwa mdogo. Na kama kilio hiki ni kipya, apimwe. Mtoto asiyeweza kusema huenda anaumwa jino au sikio, au hajapata choo siku kadhaa, na watu wakadhani ni usonji tu.

Kwa wengine mnaosoma: uchovu wa kawaida hupungua ukipata mapumziko. Huzuni, au kukosa hamu ya chochote, inayokaa karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, pamoja na usingizi kuvurugika, chakula kutopita na kujilaumu kusikoisha, yaweza kuwa sonona. Ni ugonjwa, una tiba ya mazungumzo na una dawa. Kuambiwa uvumilie si tiba.

Binti yangu ana mtindio wa ubongo, ana miaka 9. Namnyanyua mara nyingi kwa siku na mgongo wangu umeisha. Nimeambiwa nipumzike kitandani. Nani atambeba?

Dada, swali lako la mwisho ndilo hasa linalotakiwa kujibiwa. Kwanza, kwa maumivu ya kawaida ya mgongo, kulala kitandani siku nyingi hakusaidii. Kutembea na kuendelea na shughuli nyepesi kunafaa zaidi. Ukihisi ganzi kwenye mapaja kwa ndani au sehemu za siri, mguu ukikosa nguvu, au mkojo na choo vikikataa kutii, hiyo ni dharura. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Sasa kumbeba. Pandisha mahali unapombadilishia nguo pafike usawa wa kiuno chako, kwa sababu kuinama mara kwa mara kunachosha mgongo hata bila uzito wowote. Kabla ya kumnyanyua mwambie unafanya nini na umpe sekunde chache ajiandae. Mtoto aliyeshtuka hukaza mwili na huwa mgumu kushikika. Kunja magoti, mlete karibu kabisa na kifua chako, toa pumzi unapoinuka, na ukigeuka geuza miguu, kiuno kisijisokote. Anachoweza kukifanya mwenyewe akifanye: kushika shingo yako, kukanyaga chini kidogo, kujivuta. Hata nguvu kidogo inakupunguzia, na yeye inamjenga. Kitandani msogeze kwa kuvuta shuka imara mkiwa wawili, badala ya kumwinua juu. Mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo) anayemwona mtoto anaweza kukufundisha haya kwa vitendo. Mwombe muda huo uwe wako, kwani wengi hufundisha mazoezi ya mtoto na kumsahau anayembeba.

Halafu lipo linalokuja bila kuepukika: mtoto atakua. Uzito utafika ambao mtu mmoja hapaswi kuubeba, na hilo halina uhusiano na upendo. Anzeni mapema kuulizia kiti cha magurudumu kinachomtosha na kifaa cha kumhamishia, kabla mgongo haujawaamulia.

Jambo moja ambalo hukuliandika, lakini wamama wengi wanaobeba watoto wakubwa wanalo na wanalificha: mkojo kuchuruzika unaponyanyua. Linatokana na misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayoshikilia kibofu kwa chini, kulegea, yapo mazoezi yake, na wahudumu wa afya wanalijua. Lisikuzuie kutoka nyumbani.

Ndugu wa mume wangu wanasema ulemavu wa mtoto umetoka kwangu. Nimeanza kuamini.

Usiamini. Wanawake wamebebeshwa lawama hii hata na wasomi. Katikati ya karne ya 20 wapo madaktari waliofundisha kwamba usonji unaletwa na mama asiye na mapenzi. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia wa Marekani aliyekuwa na mtoto mwenye usonji, aliipinga nadharia hiyo kwa hoja za kibaiolojia, na leo imetupwa. Ugonjwa wa Down unatokana na kromosomu (uzi wa urithi ndani ya seli) ya 21 ya ziada; Jérôme Lejeune na wenzake walitangaza hivyo mwaka 1959. Mtindio wa ubongo hutokana na ubongo kuumia au kutokua sawasawa, kabla ya kuzaliwa, wakati wa uzazi au baadaye. Hakuna hapo nafasi ya kuhukumu tabia ya mama. Nendeni wewe na mumeo kwa daktari pamoja, aeleze wote wawili mkisikia, kisha mumeo ndiye akaongee na ndugu zake. Kazi hiyo ni yake.

Binti yetu mwenye ulemavu ana miaka 11. Kila siku yake ya kuzaliwa mke wangu hulia. Nilidhani tulishakubali. Nimwambie nini?

Baba, kukubali hakuji mara moja kukabaki. Mwaka 1962 Simon Olshansky, aliyefanya kazi na familia za watoto wenye ulemavu wa akili, aliandika kuhusu huzuni ya kudumu ya wazazi hawa. Hoja yake ilikuwa kwamba huzuni hii ni ya kawaida, si ugonjwa, na kwamba wataalamu wanaomsukuma mzazi "akubali" yaishe wanamwongezea mzigo. Huzuni hii hulala, kisha huamka kwenye vituo fulani: watoto wa rika lake wanapoanza shule, mdogo wake anapomzidi kusema, anapobalehe, na ndiyo, siku ya kuzaliwa. Mkeo anaweza kulia asubuhi na jioni akacheza na binti yake kwa furaha ya kweli. Yote mawili ni yake.

Kwa hiyo usitafute la kumwambia. Kaa naye. Siku hiyo ukiikumbuka kabla yake, utakuwa umemwambia mengi. Usimkumbushe kwamba wapo wenye hali mbaya zaidi.

Na wewe je? Barua yako yote inamhusu mkeo. Wanaume wengi wanaoniandikia hufanya hivyo, na huzuni yao huishia kwenye kazi za saa nyingi au ukimya mezani. Tafuta baba mwingine mwenye mtoto kama wako, mzungumze.

Kikundi cha wazazi kina faida gani? Kila mtu ana shida zake.

Ndiyo maana kinafaa: hutaeleza kila kitu kuanzia mwanzo. Mwaka 1971 huko Omaha, Marekani, wazazi walianza mpango wa kumkutanisha mzazi mgeni na mzazi mzoefu, na mfano huo ukaenea. Shirika la Afya Duniani nalo lina mafunzo kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 waliochelewa kukua au wenye ulemavu: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 nyumbani, na ndani yake mlezi hufundishwa pia kujitunza mwenyewe. Kikundi kikikuacha na simanzi kila ukitoka, hama, utafute kingine.

Mtoto halali vizuri, huamka mara kwa mara usiku. Mimi na mume wangu tunakesha wote.

Acheni kukesha wote. Gawaneni usiku: mmoja alale tangu saa tatu hadi saa nane, chumba kingine ikiwezekana, mwingine achukue saa nane hadi alfajiri. Saa tano mfululizo zinamfaa mtu kuliko saa saba zilizokatwakatwa. Sababu ya mtoto kuamka pia itafutwe: maumivu, misuli kukaza, kifafa cha usiku, kiungulia, kushindwa kujigeuza. Nyingi zina tiba. Usimpe dawa ya usingizi bila daktari.

Nalea mjukuu wangu mwenye ulemavu. Nikimwacha kwa mtu nikapumzike, si ni kumtupa?

Shikamoo, bibi. Si kumtupa hata kidogo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika ibara ya 28, unaitaka serikali isaidie familia zenye umaskini kwa mafunzo, ushauri, fedha na hata huduma ya kumpumzisha mlezi. Anza na saa moja, mtu huyo akiwa nyumbani na wewe upo. Mjukuu akimzoea, toka.

Rafiki yangu ana mtoto mwenye ulemavu mkubwa. Nimemwambia aniite akihitaji chochote, haniiti.

Hatakuita, kwa sababu kupanga msaada nako ni kazi. Mtajie siku na jambo: Jumamosi asubuhi nitakuja kufua, au nitakaa na mtoto ukalale. Kabla ya hapo mwombe akufundishe kumlisha mtoto akiwa ameketi wima, akikohoa ufanye nini, na degedege likimpata ufanye nini, ukiandika kila kitu. Ukishayajua hayo, yeye ataweza kufumba macho.