Mbwa gani anamfaa mtoto mwenye usonji?

SWALI: Mwanangu ana miaka 7 na ana usonji. Maneno yake ni machache, huziba masikio ikitokea kelele ya ghafla, lakini mwenyewe akifurahi hupunga mikono, hurukaruka na kupiga ukelele. Tunataka kumletea mbwa. Shangazi yake anasema tuchukue mbwa mdogo asije akamwangusha. Baba yake anataka German Shepherd ili alinde na nyumba. Nani yuko sahihi?
*Mama wa mtoto mmoja*

JIBU: Mama, hapa hayupo aliye sahihi. Tuanze na shangazi. Mbwa mdogo sana, kama Chihuahua, ana mifupa myembamba. Mtoto anayekumbatia kwa nguvu atamuumiza bila kukusudia, na mbwa aliyeumizwa mara mbili tatu hujifunza kuuma kabla hajashikwa. Jack Russell ni mdogo na mkakamavu, ila hubwekea hata jani likitikisika. Kwa masikio ya mwanao, huyo hafai. Beagle naye, pamoja na upole wake wote kwa watoto, ana ule mlio mrefu wa mbwa wa kuwinda sungura, mwondoe.

Kuhusu German Shepherd: ni mbwa mwenye akili na anayependa watu wake. Tatizo ni kwamba nyumba yenu itakuwa na wageni wa mara kwa mara, mtaalamu wa usemi leo, mwalimu kesho, na ukelele wa ghafla katikati. Mbwa anayetakiwa amshuku mgeni halafu apuuze mayowe amepewa kazi mbili zinazogombana. Border Collie ni vivyo hivyo kwa njia yake: ameumbwa kugeuza kondoo, basi mtoto akikimbia huwa kondoo, na hung'atwa visigino.

Labrador na Golden Retriever hawasifiwi bure. Wawindaji waliwazalisha waokote ndege waliopigwa na kuwarudisha bila kuwararua, na wasikurupuke bunduki inapolia. Mdomo mwepesi na mishipa isiyoshtuka ovyo ndivyo unavyovihitaji. Wana kilo 25 hadi 36, hivyo mtoto akimwegemea hapondwi mtu. Kasoro zao uzijue mapema: manyoya hudondoka mwaka mzima, mkia hufagia kila kilicho mezani, na kila siku wanataka saa moja au zaidi ya kutembezwa na mtu mzima. Waulize wafugaji picha za eksirei za nyonga za baba na mama wa mbwa, maana maradhi ya nyonga hurithiwa. Nyumba ikiwa finyu, Cavalier King Charles Spaniel wa kilo 6 hadi 8 ni mpole sana. Moyo wake ndio humsumbua uzeeni, hata kabla.

Lakini aina ni chujio la kwanza tu. Umri ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Tungechagua mbwa wa miaka 2 hadi 4 ambaye tabia yake imeshaonekana. Mbwa mchanga ana meno kama sindano mpaka afikishe miezi 6 hivi, na mkono unaopungwa mbele ya uso wake kwake ni mchezo: anaurukia. Mtoto analia, anapunga zaidi, mbwa anazidi kuchangamka. Hapo ndipo mbwa wengi wazuri hurudishwa walikotoka.

Nendeni kumwona mara tatu, siku tofauti. Mara ya kwanza bila mtoto. Dondosha kifuniko cha sufuria sakafuni, hatua tano kutoka alipo. Kushtuka si kosa. Tazama baada ya hapo. Akirudi kukinusa ndani ya sekunde chache, endelea. Akijificha asitoke, au akikibwekea kifuniko, aga uondoke. Kisha mpapase masikio, mkia na vidole, mshike mguu mmoja huku unahesabu hadi tano. Mchezee kwenye simu sauti ya ukelele wa mwanao, kwanza chini, kisha juu. Wakati wa chakula, pita karibu ukimdondoshea kipande kitamu zaidi: akikaza mwili au akianza kula kwa pupa, huyo analinda bakuli, na hatawafaa. Mara ya pili rudia hayo mbwa akiwa amechoka. Mtoto aje mara ya tatu, akae chini, na mbwa ndiye amfuate. Msimsukume yeyote. Mkikubaliwa kukaa naye wiki mbili kwa majaribio, kubalini haraka.

SWALI: Binti yetu hawezi kabisa kuvumilia manyoya kwenye nguo. Tumeambiwa Labradoodle hadondoshi. Ni kweli?
*Baba wa wawili*

JIBU: Huenda ikawa kweli, huenda isiwe. Mchanganyiko huu ulipata jina mwishoni mwa miaka ya 1980, pale Wally Conron wa shirika la mbwa waongozaji nchini Australia alipopandisha Labrador na Poodle mkubwa. Alikuwa akimtafutia mbwa wa kumwongoza mama mmoja asiyeona wa Hawaii, ambaye mumewe alikuwa na mzio wa manyoya. Wakazaliwa watatu, na ni mmoja tu ambaye hakumsumbua yule mume. Uzao mmoja, majibu mbalimbali. Baadaye Conron mwenyewe alitamka hadharani kwamba anajuta kwa biashara iliyozuka.

Kama manyoya ndiyo kikwazo, mchukueni Poodle mkubwa asiyechanganywa. Hadondoshi sana, lakini manyoya yake hayaachi kukua: anyolewe kila wiki 4 hadi 6 na achanwe hadi kwenye ngozi mara kadhaa kwa wiki. Yakisokotana nyuma ya masikio huvuta ngozi, na mtoto akimgusa hapo mbwa atageuka kwa ukali, nanyi mtadhani ana tabia mbaya.

Kabla ya uamuzi, ombeni taulo alilolalia mbwa huyo. Liwekeni sebuleni siku tatu. Binti akikikwepa chumba kizima, mmepata jibu kwa gharama ya taulo.

SWALI: Mwanangu wa miaka 5 hutoroka akipata upenyo. Nimeona picha za watoto waliofungwa mkanda kwa mbwa. Nifanye hivyo na Labrador wetu?
*Mama mwenye hofu*

JIBU: Hapana, Mama. Wale ni mbwa wa msaada, ambao mafunzo yao huweza kuchukua hadi miaka miwili, na kamba kuu daima imeshikwa na mtu mzima. Mbwa amefundishwa kutia breki anapohisi mkanda umevutwa. Labrador wenu wa kilo 30 akiona paka ng'ambo ya barabara, ataenda naye mtoto. Hata habari njema kuhusu mbwa na usonji mara nyingi hutokana na hao waliofundishwa: utafiti wa Montreal uliochapishwa mwaka 2010 ulipima mate ya watoto 42, ukaona homoni ya msongo inayopanda asubuhi ilishuka mbwa wa msaada alipoingia nyumbani, na ikapanda tena alipoondolewa.

Kwa utoro, weka komeo juu asikofikia na kengele mlangoni. Matembezini, mvike mbwa mkanda wa kifuani wenye kamba mbili: nzito mkononi mwako, nyepesi mkononi mwa mtoto, ishikwe kiganjani tu, isizungushwe kwenye kifundo cha mkono.

SWALI: Mbwa wetu mpole ameanza kumngurumia mtoto. Tumkemee?
*Msomaji*

JIBU: Msimkemee. Ukimnyima kunguruma, yatakayofuata ni meno bila onyo. Na kabla ya kunguruma alishasema sana: alilamba midomo bila chakula, alipiga miayo bila usingizi, aligeuza uso, alionyesha weupe wa macho, aliganda. Watenganisheni leo, na mpelekeni kwa daktari wa mifugo, kwa kuwa sikio lenye uvimbe, jino bovu au nyonga inayouma humgeuza mbwa mpole. Kisha mpeni kona yenye kizuizi ambapo mtoto haingii kabisa, na ibandikwe picha ya mbwa amelala yenye alama ya mkono uliokatazwa. Watoto wengi wenye usonji hufuata picha vizuri kuliko maneno. Wasiachwe wawili peke yao hata kwa dakika ya kwenda kufungua mlango: ukitoka, mmoja wao toka naye.