Kumtibu mbwa aliyevunjika mguu, Dar

Mkuu, umeuliza kama kuna bima au mfuko wa kukulipia matibabu ya mbwa wako aliyevunjika mguu. NHIF, ile bima ya afya ya taifa, haimgusi mbwa, hata kama ndiye anayemwongoza mzee wako asiyeona. Bima ile ni ya watu. Na mifuko ya msaada wa matibabu ya wanyama unayoiona mtandaoni, kama RedRover ya Marekani, ni kwa walio huko. Usimalize bando kujaza fomu.

Anza na afisa mifugo wa kata yako. Ni mtumishi wa halmashauri, ushauri wake hauna bei ya kliniki, ingawa dawa utanunua mwenyewe. Muulize jambo moja tu: ni upasuaji, au kufunga mguu kunatosha? Hapo ndipo hela nyingi huokoka. Ukiambiwa upasuaji, ongelea malipo ya awamu kabla mbwa hajaguswa. Nimefuga Tabata muda mrefu, na madaktari wa mtaani wengi hukubali ukitoa kianzio. Baada ya matibabu, hapo unabembeleza tu.

SUA, yaani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro, wana hospitali ya wanyama, ila piga hesabu ya usafiri, maana mbwa na basi haviendani.

Halafu tafadhali, usimpe diklofenaki yako ya mgongo. Hiyo humuumiza mbwa tumbo na figo.