Matokeo Mazuri Mno Yanapaswa Kukutia Shaka

Katika miaka yangu ya mwanzo ya kufanya kazi na data nilijenga modeli, yaani programu inayojifunza kutoka data za nyuma ili ibashiri yajayo, iliyonifanya nijione bingwa. Kazi niliyopewa ilikuwa ya kawaida kabisa: kubashiri ni wateja gani wataacha kutumia huduma ndani ya miezi mitatu ijayo, ili kitengo cha huduma kwa wateja kiwawahi kabla hawajaondoka. Nilikusanya majedwali, nikayaunganisha, nikaifundisha modeli, na jaribio la kwanza likaonyesha usahihi wa asilimia 98. Kizuri chajiuza, na ile namba ilijiuza yenyewe. Niliipeleka kikaoni siku hiyohiyo, wakubwa wakafurahi, nami nikalala usingizi mnono. Modeli ilipoanza kutumika kwa wateja wa kweli, haikumtambua karibu yeyote kati ya wale walioondoka.

Nilipoteza karibu wiki mbili nikitafuta kosa katika msimbo, yaani maagizo niliyoiandikia kompyuta, mahali ambapo halikuwepo. Siku moja, kwa kukata tamaa zaidi kuliko kwa hekima, niliuacha msimbo nikafungua jedwali lenyewe na kuanza kusoma mistari ya wateja mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayepitia daftari la madeni. Nilipofika kwenye mstari wa arobaini hivi nikaona jambo. Kulikuwa na safuwima ya idadi ya simu ambazo mteja amepigiwa na kitengo chetu. Waliobaki walikuwa na sifuri, wengi wao. Walioondoka walikuwa na moja au mbili, karibu wote. Nikaenda kumuuliza dada aliyekuwa akikisimamia kitengo hicho, naye akanijibu bila hata kuinua macho: «Hao tunawapigia wakishafunga akaunti, tunawauliza kwa nini wameondoka.»

Kwa maneno mengine, modeli yangu haikuwa imebashiri kitu. Ilikuwa imejifunza kwamba mtu aliyepigiwa simu ya kuulizwa kwa nini ameondoka ni mtu aliyeondoka. Katika fani hii tatizo hili huitwa kuvuja kwa data, yaani taarifa za baada ya tukio kupenya na kuingia katika mafunzo, na nimelikuta kwa sura tofauti mara nyingi kiasi kwamba sasa matokeo mazuri mno hunitia wasiwasi kuliko matokeo mabaya. Matokeo mabaya hukulazimisha uchunguze, ilhali mazuri hukupa ruhusa ya kufunga kompyuta na kwenda nyumbani.

Kinga niliyoizoea ina sehemu mbili. Kwanza, kwa kila safuwima ninajiuliza thamani hii ilijulikana lini, na kama isingejulikana siku ambayo ubashiri unahitajika, ninaiondoa hata kama kuiondoa kunashusha alama. Pili, jambo linapohusu muda sichanganyi mistari ovyo kabla ya kuigawa kuwa ya mafunzo na ya majaribio. Ninaifundisha modeli kwa miezi ya nyuma na kuijaribu kwa miezi iliyofuata, kwa sababu hivyo ndivyo itakavyotumika. Mgawanyo wa kubahatisha unaweza kuifanya modeli ijifunze kutoka mwezi Desemba kisha ijaribiwe kwa mwezi Machi wa mwaka huohuo, upuuzi ambao hakuna binadamu angeukubali kama ungeelezwa kwa maneno badala ya kufichwa ndani ya mstari mmoja wa msimbo.

Hata hivyo, yule dada ndiye aliyenifundisha jambo kubwa zaidi, nalo ni kwamba data haizaliwi ndani ya hifadhidata. Kuna mtu aliyeiandika, akiwa na haraka zake, mbele ya mfumo wenye masharti yake. Katika kazi nyingine niligundua kwamba idadi kubwa isiyo ya kawaida ya wateja walizaliwa tarehe 1 Januari 1980. Nilikuwa tayari nimeandaa maelezo marefu kuhusu rika hilo na tabia zake za matumizi. Kabla ya kuyatuma nikapita kwa mama mmoja aliyekuwa akiingiza taarifa kwenye kaunta, nikamuuliza. Alicheka. «Mwanangu, mtu akiwa hajui tarehe yake, mfumo unakataa kuendelea. Mimi naandika hiyo, unapita.» Rika zima nililokuwa nimelichambua lilikuwa ni njia ya kuipita fomu yenye ukaidi. Tarehe nyingine ya kuitilia shaka ni 1 Januari 1970, kwa kuwa mifumo mingi ya kompyuta huhesabu muda kwa sekunde kuanzia siku hiyo, na sifuri iliyowekwa mahali pa thamani isiyokuwepo hugeuka kuwa tarehe inayoonekana halali kabisa.

Wapo wanaodhani hizi ni ajali za wanafunzi tu. Sivyo. Mwaka 2020 wanasayansi wanaosimamia majina ya jeni za binadamu walilazimika kutoa mwongozo uliobadilisha baadhi ya majina, kwa sababu Excel, programu ya majedwali, ilikuwa ikiyageuza kuwa tarehe. Jeni iliyoitwa MARCH1 sasa huitwa MARCHF1. Mwaka huohuo nchini Uingereza, katikati ya janga la korona, wagonjwa 15,841 waliokwisha kuthibitishwa hawakuingia katika takwimu za kila siku kwa wakati, kwa kuwa matokeo yalikuwa yakipitishwa katika faili la muundo wa zamani wa Excel, ambao hauwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Hapakuwa na algoriti yoyote ya ajabu hapo. Faili lilijaa, mistari ya ziada ikaachwa nje, na ufuatiliaji wa watu waliokutana na wagonjwa hao ukachelewa. Tangu niliposoma habari hiyo, ninahesabu mistari kabla na baada ya kila hatua ya kuunganisha majedwali, na ninaandika hesabu zote mbili. Ni kazi ya dakika moja, tena ya kuchosha, na imeniokoa mara nyingi kuliko mbinu yoyote mpya niliyojifunza.

Kuhusu usahihi wenyewe nitasema kwa ufupi, maana jambo hili limeandikwa sana ingawa bado linasahaulika. Kama kati ya wateja 1,000 wanaoondoka ni 30, basi modeli inayosema kwamba hakuna atakayeondoka itakuwa sahihi kwa asilimia 97 na haitakuwa na faida kwa mtu yeyote. Maswali ya kuuliza ni mawili: kati ya walioondoka, imewanasa wangapi, na kati ya iliowataja, wangapi waliondoka kweli. Mtu akikuletea namba moja tu ya usahihi, muulize hayo mawili, na umuulize pia kanuni rahisi kabisa, kwa mfano kumtaja kila ambaye hajatumia huduma kwa siku 30, ingepata alama gani. Nimewahi kuitupa kazi ya mwezi mzima baada ya kugundua kwamba kanuni ya namna hiyo iliishinda modeli yangu. Iliniuma, sikatai.

Vilevile usiuamini muhtasari ambao hujauchora. Mwaka 1973 mtakwimu Francis Anscombe alitengeneza seti nne za data, kila moja ikiwa na nukta 11, ambazo wastani wake, mtawanyiko wake na uwiano wake (jinsi thamani mbili zinavyokwenda pamoja) vinakaribia kulingana kabisa. Ukizichora, moja ni wingu la kawaida linalofuata mstari, nyingine ni mstari uliopinda kama upinde, ya tatu ni mstari ulionyooka wenye nukta moja iliyokaa mbali, na ya nne ni nukta zilizosimama wima isipokuwa moja iliyojitenga. Kwa mtu anayeanza fani hii, ningemshauri azichore mwenyewe kabla ya kugusa mtandao wa neva, yaani modeli tata inayoiga ubongo, wa aina yoyote.

Turudi kwa modeli ile ya wateja. Niliijenga upya bila safuwima ya simu, nikaigawa data kwa muda, na safari hii, kati ya kila wateja kumi iliowataja, takriban wanne ndio walioondoka kweli. Nilikwenda kikaoni nikiwa na aibu, kwa sababu wakubwa walikuwa bado na ile asilimia 98 vichwani, na mmoja wao aliniuliza kama nilikuwa nimeiharibu kazi. Nilieleza kilichotokea kuanzia mwanzo, pamoja na lile kosa langu, bila kulipamba. Aliyenisaidia ni yule dada wa kitengo cha simu, ambaye alisema kwamba wasaidizi wake wangepiga kwa kubahatisha wasingempata hata mmoja katika ishirini, kwa hiyo wanne katika kumi angewapokea kwa mikono miwili. Aliomba orodha imfikie kila Jumatatu asubuhi, ikiwa na safuwima moja ya ziada inayoeleza kwa nini jina la mteja limo. Kuitengeneza safuwima hiyo kulinichukua mwezi mzima uliofuata.