"Used to" na "am used to": ile iliyoniumbua kwenye intavyuu

Mkuu, umeuliza "I used to" na "I am used to" zinatofautiana wapi, na kwa nini kila ukiandika "I use to wake up early" unasahihishwa wakati wewe unachotaka kusema ni huwa naamka mapema, wala huongelei zamani. Hii kitu ilishaniumbua vibaya, ngoja nikusimulie kwanza.

Kuna kipindi nilikuwa natafuta kazi, nikaitwa intavyuu ya kwa video, upande wa pili kakaa Mwingereza mpole tu. Akaniuliza kama naweza kazi zenye presha. Mimi kichwani nina sentensi yangu ya Kiswahili safi kabisa, nimezoea kufanya kazi za presha, nikaigeuza fasta fasta nikamwambia kwa kujiamini "I used to work under pressure". Jamaa akatikisa kichwa, akasubiri kidogo, afu akauliza taratibu "And now?" Nikajua ananipa nafasi nijazie nyama, nikarudia ileile, tena kwa sauti zaidi. Kazi sikupata, sisemi ni kwa sababu ya sentensi hiyo peke yake, ila siku nilipokuja kuelewa nilichomwambia nilitamani ardhi ipasuke. Nilimwambia zamani nilikuwa naziweza kazi za presha, siku hizi basi.

Maana "used to" ikikaa peke yake kazi yake ndo hiyo: ilikuwepo, sasa kwa kawaida haipo. "I used to smoke", nilikuwa navuta, nimeacha. "She used to be shy", alikuwa na aibu huyo, saivi wala. Huna haja hata ya kuongezea "lakini siku hizi sio", imo humo humo ndani. Na kitenzi kinachofuata kinakaa kikavu, smoke, be, work, hakivai kitu.

Shida yetu sisi ni huwa. Kiswahili kina huwa, kina na ile hu- ya huamka, hulala, hupita, kwa mambo ya kila siku, sasa mtu akitafuta pa kuiweka kwenye Kiingereza anaiona "used to" inafanana na mazoea, anaitoa ile d, anapata "I use to", anajiona ametengeneza wakati uliopo. Haupo mkuu. Hiyo "used to" ni ya wakati uliopita tu. Cha kuchekesha ni kwamba Waingereza wa karne kadhaa nyuma walikuwa wanasema kweli "use to" kwa mazoea ya sasa, ikaja ikafa ikabaki ya zamani peke yake, kwa hiyo wewe na mimi hatujakosea sana, tumechelewa kuzaliwa tu. Huwa ya leo ni kitenzi cha kawaida, "I wake up early", ukitaka kuitilia mkazo unaweka "usually" katikati, "I usually wake up early". Inakuwa fupi mpaka unahisi kuna kitu umesahau. Hujasahau.

Sasa "am used to" ni mtu mwingine kabisa, hata undugu usimtafutie. Hiyo ni nimezoea. Humo "used" imegeuka sifa, kama kusema mtu amechoka au ana furaha, ndo maana mbele yake lazima ukute am, is, are, was. Na ile "to" haimshiki kitenzi, inamshika jina. Kipimo changu mpaka leo ni kuchomeka "it" hapo mwishoni: "I am used to it" inakubali, "I used to it" inagoma. Sasa kama pale pamekaa jina, kitenzi kikitaka kukaa hapo nacho lazima kijigeuze jina, na Kiingereza kinakigeuza kwa -ing, kama sisi tunavyosema "kuamka mapema kunanichosha", pale kuamka ni jina tu. Kwa hiyo "I am used to waking up early", sio "used to wake". Nilichotakiwa kumjibu yule jamaa ni "I'm used to working under pressure", yaani kilichokosekana ni 'm na -ing, basi.

Afu hii ya kuzoea inatembea nyakati zote, tofauti na ile ya kwanza. "I was used to the noise", nilikuwa nimeshayazoea makelele. Ukiweka get badala ya be unaongelea ile safari ya kuzoea yenyewe, "I'm getting used to it", ndo nazoea zoea, sijafika bado, na "you'll get used to it" ndo utazoea tu ile tunayoambiwa.

Usichanganye pia na kutumika, "this tool is used to cut wire", kifaa hiki hutumika kukatia waya. Hapo sikio linakusaidia maana ya kutumika ina z ndani, yuzd, na zile mbili nyingine zina s, tena kwa mwendo wa kuongea d na t zinamezana unasikia "yusta". Nakumbuka nilishawahi kulitafuta hilo "yusta" kwenye kamusi.

Mtego mwingine ni muda. Sisi tunasema vizuri tu "nilikuwa naishi pale miaka mitano", lakini "I used to live there for five years" haikai, ukishataja muda kamili au idadi ya mara rudi kwenye "I lived there for five years".

Kwenye kukanusha ni "I didn't use to like it", d inaondoka kwa sababu did imeshaubeba wakati uliopita. Utakuta hata wenyewe wanaandika "didn't used to" maana kwa sikio ni kitu kimoja, ila kwenye mtihani andika bila d. Mimi nikiongea nakwepa, nasema "I never used to like it", d inabaki palepale na hakuna wa kunisahihisha.

Intavyuu iliyofuata wakaniuliza kama nitaweza kufanya kazi peke yangu nyumbani siku nzima. Nikasema "I'm used to it", nikanyamaza.