Madeni yamenizidi: niende tribinali ya biashara au nisubiri?

Barua za mwezi huu zimetoka Lubumbashi, na zote zinahusu deni lililokua kuliko mfuko. Wanaojibu ni avoka (wakili) na kontabla (mhasibu) wa ukurasa huu. Majina ya walioandika tumeyaficha.

SWALI

*Wahariri, salamu. Nauza vitenge na vyombo vya plastiki kwenye soko la Mzee Kabila; mali naitoa Lusaka kupitia Kasumbalesa. Niko na RCCM (usajili wa biashara) na wafanyakazi 2. Banki inanidai dola 18,000 na nimeruka mafungu 2 ya dola 950. Muuzaji wa Lusaka ananidai dola 6,000, tarehe imepita. Kodi ya depo (ghala) sijalipa miezi 3, dola 150 kwa mwezi. Ndani ya depo kuna mali ya dola 9,500 hivi, wateja wa mkopo nawadai dola 4,200, feza taslimu niko nayo dola 700. Shemeji anasema nitangaze faillite (kufilisika), madeni yafe. Nifanye hivyo?*
— Mama wa vitenge, komini ya Kenya

JIBU

Mama, shemeji wako anazungumza mambo ya Marekani. Kule mtu binafsi anaweza kwenda mbele ya jaji, na sehemu kubwa ya madeni yake ikafutwa. Sisi Kongo tuko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja ya biashara, tangu tarehe 12 Septemba 2012, na sheria yake kuhusu wafanyabiashara walioelemewa, ile iliyopitishwa upya Septemba 2015, haifuti madeni hivyo. Mali yako ikiuzwa yote kwa njia ya liquidation na isitoshe, kesi ikifungwa kila mdai anarudishiwa haki ya kukufuata kwa kilichobaki. Utakuwa umepoteza depo, na deni bado liko mlangoni.

Halafu usiende grefu (ofisi ya karani wa tribinali, yaani mahakama) kuomba "faillite personnelle". Hiyo ni adhabu. Tribinali inampa mfanyabiashara aliyedanganya au aliyeficha mali, na inamkataza kufanya biashara kwa muda ambao jaji ataupanga.

Swali ambalo jaji atakuuliza kwanza ni hili: umefika kwenye cessation des paiements, au bado? Maana yake ni kwamba madeni ambayo tarehe yake imefika hauwezi kuyalipa kwa feza iliyo tayari. Tufanye hesabu yako. Yaliyofika tarehe: banki 1,900, Lusaka 6,000, kodi 450. Jumla dola 8,350. Feza iliyo tayari: dola 700. Mali ya depo haihesabiwi hapa kwa sababu vitenge haviuziki vyote leo jioni, na wateja wa mkopo hawahesabiwi mpaka walipe. Kwa hesabu hiyo umekwisha kufika.

Ila sheria imeacha mlango. Deni ambalo mdai mwenyewe amekubali kulisogeza mbele halimo tena kwenye hesabu. Muuzaji wa Lusaka akikubali kupokea 6,000 zake kwa mafungu kuanzia miezi 2 ijayo, zinabaki 2,350. Banki ikikubali kuhamisha yale mafungu 2 mwisho wa mkopo, inabaki kodi ya 450, na hiyo unailipa kwa zile 700 ulizo nazo. Hapo hauko tena katika cessation des paiements, na hauna cha kutangaza. Kwa hiyo wiki hii kazi yako iko Lusaka na banki kabla ya tribinali. Makubaliano yawe kwenye karatasi, yaonyeshe tarehe mpya na kiasi cha kila fungu, na yawe na sahihi. Sauti ya WhatsApp inayosema "hakuna shida mama, utalipa" haitamshawishi jaji.

Banki uiendee haraka kuliko wote. Soma mkataba wako, tafuta kifungu cha déchéance du terme. Kwa kawaida kinasema kwamba ukiruka mafungu kadhaa na ukipokea barua ya onyo bila kulipa, mkopo wote unadaiwa kwa mara moja. Siku hiyo 1,900 zinageuka 18,000 na hesabu tuliyofanya hapa juu haina kazi tena. Andika barua ya kuomba rééchelonnement (kupangiwa upya mafungu), ambatanisha mauzo yako ya miezi 6, na ubaki na kopi yenye muhuri wa kupokelewa. Usiahidi 950 kama depo inakuachia faida ya 600 kwa mwezi. Ahadi inayovunjika mwezi wa kwanza inakufungia mlango wa pili.

Wakikataa? Hapo ndipo tribinali ya biashara ya Lubumbashi inaingia. Aliye katika matatizo makubwa lakini bado hajafika kwenye cessation anaomba règlement préventif: analeta pendekezo la namna atakavyolipa, na jaji akikubali kuifungua, wadai wanasimamishwa kumfuata kwa muda usiozidi miezi 3, unaoweza kuongezwa mwezi 1. Kabla ya hapo kuna conciliation, mazungumzo ya siri na wadai wakubwa mbele ya mtu aliyeteuliwa na tribinali. Aliyekwisha kufika kwenye cessation anakuwa na siku 30 tu za kutangaza kwenye grefu, na anaomba redressement (kuinuliwa kwa biashara chini ya tribinali) kama biashara bado inaweza kuishi, au liquidation kama imekufa.

Hizo siku 30 watu wengi wanazidharau. Mtu anangoja miezi 8 akitumaini sikukuu za Desemba zitamwokoa, anauza vitenge chini ya bei aliyonunulia ili apate feza ya kumtuliza mdai mmoja mwenye makelele. Kuchelewa bila sababu, kuuza kwa hasara ili kuahirisha siku ya ukweli, kutoshika daftari la hesabu: yote matatu yanaweza kuitwa banqueroute, na hiyo ni kosa la jinai. Kumlipa mdai mmoja kwa upendeleo wakati umekwisha kufika kwenye cessation, huku wengine wakiumia, ni kosa zito zaidi. Na kama una wazo la kuandika parsele (kiwanja) kwa jina la kaka yako, liache. Jaji anaweza kurudisha tarehe ya cessation yako nyuma hadi miezi 18 kabla ya hukumu, na zawadi zote ulizotoa ndani ya muda huo hazina nguvu mbele ya wadai.

Faili ya grefu inataka: karatasi ya RCCM, hesabu za mwaka, hali ya feza taslimu, orodha ya wadai wote na anwani na kiasi cha kila mmoja, orodha ya dhamana ulizotoa (hipoteka, rehani, wadhamini), orodha ya wale unaowadai wewe, inventari ya mali, na idadi ya wafanyakazi pamoja na mishahara ambayo haijalipwa. Kila karatasi iwe na tarehe na sahihi yako. Kinachoangusha faili nyingi ni orodha ya wadai: mtu anaandika banki na kumwacha dada aliyemkopesha 1,000, au anasahau likelemba (mchango wa zamu). Deni la ndugu nalo ni deni. Ukilificha utaonekana unaficha mengine.

Kwa mwenye wafanyakazi wasiozidi 20 na mauzo ya mwaka yasiyozidi faranga za CFA milioni 50, yaani kama euro 76,000, kuna njia iliyorahisishwa. Wewe kwa wafanyakazi uko ndani. Piga hesabu ya mauzo ya miezi 12, siyo faida. Lakini tuseme wazi tunavyoona: kwa deni la ukubwa wako, gharama za sindiki (msimamizi anayeteuliwa na tribinali) na matangazo zinatoka kwanza kwenye mali hiyo hiyo ya 9,500. Barua 2 zilizotiwa sahihi ni bora kuliko hukumu.

Na wale wateja wa 4,200? Anza nao kesho asubuhi. Feza ya bei rahisi kuliko zote ni ile ambayo tayari ni yako.

SWALI

*Mimi ni fundi umeme kwenye kampuni inayofanyia kazi migodi. Mshahara unapita banki. Nina mkopo wa banki dola 3,000, na banki lamberi (mkopeshaji wa mtaani) ananidai 600 kwa faida ya 40% kila mwezi. Kadi yangu ya banki na kode (namba ya siri) anazo yeye. Naweza kujitangaza nimefilisika?*
— Fundi, Katuba

JIBU

Hapana, fundi. Sheria ya OHADA inahusu wanaojitegemea: mfanyabiashara, fundi mwenye atelier yake, mkulima, daktari wa kliniki yake, na makampuni. Anayeishi kwa mshahara hana mlango huo. Ila ana mingine.

Kwanza kadi. Ingia banki na kitambulisho, sema unataka kuifunga kadi na kupewa nyingine yenye kode mpya. Akaunti ni yako. Kumwachia mtu kadi si dhamana inayotambuliwa na sheria. Fanya hivyo siku chache kabla ya mshahara kuingia, siyo siku yenyewe, maana siku hiyo yeye anafika kwenye mashine mapema kuliko wewe.

Pili, lipa lamberi kabla ya kuongeza chochote kwa banki. Kwa 40%, deni la 600 linakula dola 240 kila mwezi na 600 iko palepale. Omba avance ya mshahara kazini, uza televizio, chukua zamu yako ya likelemba mapema. Akikataa kupokea bila faida zote, mkumbushe kwamba kanuni ya adhabu ya Kongo inamwadhibu anayetumia shida ya mwenzake kujipatia faida iliyopita kiasi, na jaji anaweza kurudisha deni kwenye mtaji na faida ya kawaida. Angalia pia karatasi uliyotia sahihi. Wengine wanasainisha *acte de vente* (hati ya kuuza) ya parsele na kuita "mkopo tu". Kama ulisaini hiyo, kamwone avoka kabla ya kumlipa hata franka moja.

Tatu, banki. Ukishindwa kupatana nayo na ikakushitaki, unaweza kumwomba jaji délai de grâce: anaweza kusogeza au kugawa malipo ndani ya mwaka 1, na kuamua kwamba unacholipa kipunguze mtaji kwanza. Haihusu posho ya watoto wala deni la traite (hati ya malipo ya biashara). Mshahara hauwezi kukamatwa wote: inachukuliwa moja ya tano ya sehemu isiyozidi mara 5 ya mshahara wa chini wa daraja lako, na moja ya tatu ya kinachozidi hapo. Ukiletewa na wisiye (afisa wa kupeleka hati za mahakama) karatasi ya injonction de payer (amri ya jaji ya kulipa), usiiweke chini ya godoro. Tangu Februari 2024 una siku 10 za kupinga.

SWALI

*Anayenidai amenipeleka kwa OPJ (afisa wa polisi anayechunguza makosa). Nitafungwa kwa deni?*
— Baba Jean, Ruashi

JIBU

Kwa deni peke yake, hapana. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia, ambao Kongo iliuingia mwaka 1976, unakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba, na Katiba hairuhusu OPJ kukushikilia zaidi ya saa 48. Nenda kwenye konvokasyo (wito), usiikimbie. Sema ni deni la mkopo, onyesha karatasi, na usisaini kiasi kilichoongezwa pale mezani.

Mambo yanageuka kama ulitoa sheki isiyo na feza, kama ulidanganya ili upewe, au kama ulipokea mali ya mtu umuuzie na ukala feza. Hili la mwisho linaitwa abus de confiance, miezi 3 hadi miaka 5 ya kifungo, na sokoni linawapata wengi kwa sababu wanafikiri mali ya "niuzie, utanilipa" ni mkopo. Kama ndivyo ulivyopokea, rudisha kwanza mali ambayo haijauzwa, mwenye mali asaini kwamba ameipokea, na karatasi hiyo uende nayo kwa OPJ.