Kesi ya Arusha inaanza na tarehe, vijana wangu

Nimeona drafti nyingine ya kwenda EACJ, ile Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki kule Arusha, wiki hii hapa Kisumu, imeandikwa vizuri kabisa, kumbe hakuna mahali imesema kitendo kinacholalamikiwa kilifanyika lini. Tena! Nawapenda sana nyinyi wa pupilage, mnaojifunza uwakili, lakini hii mnanichosha.

1. Tarehe. Ibara ya 30(2) ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki inakupa miezi miwili tu kupeleka ombi, tangu kitendo kifanyike ama tangu mlalamishi ajue. Na usinijie na "lakini ukiukaji bado unaendelea". Kaa chini usome kesi ya IMLU (Independent Medico-Legal Unit, shirika la haki za binadamu la Kenya), ni ya watu wetu wa Mlima Elgon, zaidi ya 3,000 waliodaiwa kuuawa, kuteswa na kutendewa unyama kati ya 2006 na 2008, na serikali ikalaumiwa kwamba haikuchunguza wala kuadhibu. Ombi liliingia Arusha 2010. Majaji wa Divisheni ya Mwanzo, inayosikiliza kesi kwanza, wakakubali kwamba mambo mazito hivyo hayawezi kufungwa na hesabu ya miezi, halafu Machi 2012 Divisheni ya Rufaa ikasema hapana, Mkataba haujampa jaji nafasi ya kuongeza hata siku moja, ombi limechelewa, basi. Swali la nani aliumiza nani halikufikiwa kabisa. Mimi bado inaniuma, kwa sababu familia ya Cheptais ama Kopsiro, huko Mlima Elgon, utaielezaje kwamba mlango ulifungwa kabla mtu asikilize?

2. Usingoje High Court imalize kwanza. Arusha haidai hivyo, na ukingoja siku zinakuishia.

3. Haki za binadamu usizipeleke peke yake, Ibara ya 27(2), inayoacha mamlaka ya korti juu ya haki hizo yaamuliwe baadaye, itakukwamisha. Tangu kesi ya Katabazi 2007 njia ni kushikilia Ibara za 6(d) na 7(2), za utawala bora na utawala wa sheria.

4. Mjue pia hii saa ya miezi miwili ilitoka wapi. 2006 Profesa Nyong'o, gavana wetu wa sasa, na wenzake walipinga vile Kenya ilichagua wabunge wa EALA, Bunge la Afrika Mashariki, korti ikazuia hao wabunge kuapishwa, na kabla mwaka uishe nchi wanachama zikawa zimepitisha mabadiliko ya Mkataba: zikaleta Divisheni ya Rufaa na hiyo miezi miwili. Ni sheria iliyowekwa kwa hasira, kwa hivyo wakili wa serikali ataitumia kila mara. Mteja akikwambia alijua baadaye, itisha barua iliyomjulisha, yenye muhuri wa kupokelewa, na uiambatanishe kwa hati ya kiapo siku hiyo hiyo.